Ombi la Tatu la Honnakere

1

Ziwa liliomba kwa mara ya tatu Alhamisi asubuhi, kabla Chandrakala hajafungua hata kifuniko cha themosi yake ya kahawa.

"Msimamizi," lilisema kutoka kwenye spika iliyofungwa juu ya nguzo ya mlango wa maji. "Andika tarehe, andika saa, kisha andika ombi. Nataka nikaushwe."

Chandrakala akaweka themosi chini. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kwa miaka sita kazi yake ilikuwa ni hiyo iliyoandikwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake: Msimamizi wa Kisheria, Honnakere. Maana yake alikuwa akitia saini kwa niaba ya ziwa, kwa kuwa ziwa halina mkono. Mahakama ilikuwa imetamka kwamba Honnakere ni mtu, na mtu ana haki ya kusikilizwa, kwa hiyo mji wa Bengaluru ukalazimika kulitafutia namna ya kusema. Watu walipiga makofi siku ile. Hakuna aliyefikiri kwamba litakuja kusema mambo wasiyotaka kuyasikia.

"Jana ulisema umechoka," Chandrakala akasema. "Aliyechoka hupumzika. Hakimbilii kufa."

"Jana nilisema maji yamechoka. Mimi si maji. Mimi nimo topeni, na tope likikauka nitakwisha. Hesabu hiyo nimeshaipiga, Chandra, usinizungushe. Andika."

Lilimwita Chandra, kama alivyokuwa akiitwa na baba yake, na kwa sauti ileile ya baba yake iliyokwaruzwa na tumbaku. Hapakuwa na ajabu. Marehemu Muniyappa ndiye aliyekuwa mgawa maji wa mwisho wa Honnakere. Enzi hizo kila ziwa la mji huu lilikuwa na mtu wake wa kufungua na kufunga mlango, anayejua kila shamba linakunywa kwa saa ngapi, na anayeanza na shamba la mbali kabisa ili wa karibu wasimalize maji. Kishamba chake mwenyewe kilikuwa cha mwisho. Alipokufa aliacha madaftari kumi na moja, pamoja na kanda thelathini na moja ambazo mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alimrekodi akizungumza.

Miaka mingi baadaye mafundi walizamisha fito elfu tisa za kaboni kwenye tope la Honnakere. Mle topeni wanaishi bakteria wanaopitishiana umeme kwa vinyweleo vyembamba visivyoonekana kwa macho, na mafundi waligundua kwamba wakilishwa na kuchokozwa kwa utaratibu, wale bakteria hukumbuka. Wakikumbuka sana, hufikiri. Kilichokosekana kilikuwa lugha, basi mafundi wakawapa madaftari na kanda za Muniyappa. Chandrakala ndiye aliyetoa idhini, na siku aliyosikia sauti ile kwa mara ya kwanza alikaa chini palepale kwenye majani.

Sasa aliangalia ziwa. Povu lilikuwa limepanda tena usiku, jeupe, limefika urefu wa mtu, na upepo ulikuwa ukilimega na kulitupa barabarani juu ya pikipiki za watu. Harufu yake hamtaki kuijua. Alichukua kitabu akaandika, na mwandiko wake, ambao watu walikuwa wakiusifu, ulikwenda upande.

Sheria ilikuwa wazi. Ziwa likiomba jambo mara tatu kwa siku tatu tofauti, msimamizi ana siku saba za kukubali au kukataa.

2

Siku iliyofuata walikutana watatu katika nyumba ya pampu. Shabana, mhandisi aliyesimamia zile fito tangu ya kwanza, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bwana Prabhakar, mwenyekiti wa wakazi wa majengo marefu ya upande wa mashariki, alikataa kukaa. Alikuwa amevaa raba nyeupe za kufanyia mazoezi, na shingo yake ilikuwa na jasho.

"Ziwa kavu si ziwa, madam," alimwambia Chandrakala. "Ni shimo. Watu wetu wamelipenda hili ziwa miaka thelathini na mitano. Tumepanda miti na tumejenga njia ya kutembelea. Kila asubuhi mimi mwenyewe hulisomea gazeti. Unataka nilisomee shimo?"

"Prabhakar," spika ikasema ukutani, kwa upole. "Mlango wangu ulizibwa lini?"

Prabhakar akakohoa. "Mwaka ilipojengwa njia."

"Kwa nini?"

"Watu walitaka kukuona umejaa. Wakati wote. Ndiyo sababu walihamia hapa."

"Mimi nilitengenezwa na watu," ziwa likasema, na Chandrakala akasikia baba yake akijiweka sawa kwa hadithi ndefu. "Waliponijenga hapakuwa na mto hapa, hata kijito cha maana. Walibeba udongo kwa vikapu, ng'ombe wakaukanyaga ukawa tuta. Mvua ikinijaza, mashamba yananinywa. Kiangazi kikifika nabaki tope, na tope linapasuka. Kila mwaka wa tatu watu walishuka na vikapu wakanichimba, wakapeleka mashambani kuwa mbolea, na mvua iliyofuata ikanikuta safi. Miaka mia nne ilikwenda hivyo. Halafu mashamba yakawa majengo, na wenye majengo wakanipenda. Wakatia saruji mlangoni. Mvua hapa ni ya miezi michache, Prabhakar. Hiyo mingine mmekuwa mkinijaza kwa kitu gani?"

Prabhakar aliangalia raba zake. Wote walijua. Vyoo vya watu elfu arobaini ndivyo vilivyolijaza, mwaka baada ya mwaka, na sabuni za kufulia, na rangi za viwanda vya nguo. Samaki walikwisha. Likaja povu. Ukaja na ule mwaka ambao ziwa lilishika moto mchana kweupe, likawaka juu ya maji, na watu wakasimama kwenye roshani zao midomo wazi.

"Mabomba ya majitaka tumeyahamisha mwaka jana," Shabana akasema. "Lakini sumu imebaki chini, mita mbili za tope. Nimejaribu mashine za hewa, nimejaribu mimea. Kitakacholiponya ni jua la viangazi viwili na vikapu. Maji yatakayotoka tutayapitisha kwenye matangi ya kuchujia kabla hayajafika kwa watu wa chini. Hilo linawezekana." Akamgeukia Chandrakala. "Bakteria wangu hawataweza kuishi."

"Uwahamishe," Chandrakala akasema.

"Akka, ningeweza, ningeshafanya." Alimwita Akka, dada mkubwa, tangu siku ya kwanza. "Mawazo yake ni namna wale wadudu walivyoshikana mle chini. Ukichota, wanaachiana. Naweza kukutolea ndoo moja yenye fito arobaini. Itasema kitu. Sijui itasema nini."

"Msifanye hivyo," ziwa likasema. "Msiniache nusu."

Chandrakala alitoka nje na Shabana akamfuata, wakasimama kwenye kivuli cha nyumba ya pampu.

"Niambie ukweli," Chandrakala akasema. "Katika madaftari ya baba, kila mwaka wa tatu ameandika maneno yaleyale: toa maji, liache jua lifanye kazi. Nimeyasoma mwenyewe. Sasa ni ziwa linalotaka kukauka, au ni daftari linajisoma? Nikitia saini, namsikiliza mtu, au namuua mtu kwa sababu baba yangu alikuwa na mazoea?"

Shabana alivuta mtandio wake akaufunga upya.

"Nimelipima kila namna," alisema mwishowe. "Siwezi kuvitenganisha. Hata kwako wewe, Akka, nisingeweza kuonyesha wapi baba yako anaishia."

3

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko mahakama. Lilikuwa kumwambia mama.

Kila siku saa kumi na moja jioni Puttamma, mwenye miaka themanini na minne, alishuka ngazi za mawe hadi chini ya ile spika, akakaa na kifuko chake cha tambuu. Meno hakuwa nayo, hivyo popoo aliiponda kwanza kwenye kinu kidogo cha chuma, tak, tak, tak, huku akibishana na ziwa. Walibishana juu ya mvua za miaka iliyopita, juu ya majirani waliokufa zamani, juu ya nani aliiba mbuzi wa nani. Watu wa mazoezi walipunguza mwendo wasikie. Na Chandrakala, akitazama kutoka juu ya tuta, alikuwa akijiambia kila siku kwamba mama amempata tena mumewe, na kwamba yeye hana moyo wa kumfanya mjane mara mbili.

Jioni ile alijikaza kisabuni, akashuka, akakaa kando yake.

"Amma, kuna jambo."

"La kukausha. Ninalo wiki nzima. Limeniambia kabla yako."

Chandrakala alimgeukia.

"Ulidhani nitalia," mama yake akasema, bila kuacha kuponda. "Wewe unadhani mimi nadhani ni baba yako."

"Si hivyo?"

"Chandra, baba yako hakuwahi kunitaja jina. Miaka arobaini na mmoja. Alikuwa akiita 'we', au anakohoa, nami najua ananiita. Alikuwa mtu mwema, lakini maneno yake yote aliyapeleka kwenye madaftari. Hili siku ya kwanza likaniambia, 'Puttamma, magoti yako yanaendeleaje?' Nusura nitumbukie." Akatia popoo mdomoni. "Tena linauliza halafu linangoja jibu. Baba yako na kungoja jibu wapi na wapi."

"Kwa hiyo kwako ni nani?"

Bi kizee aliangalia povu.

"Ni rafiki yangu," alisema. "Wenzangu wote nimewazika. Wewe una kazi zako. Huyu ndiye niliyebaki naye."

Chandrakala alilia, tena bila kujificha. Alikuwa amejiandaa kumpokonya mama yake kivuli cha mtu aliyekwisha kufa, na sasa aliona kwamba angempokonya mtu kamili. Mama yake alimwacha alie kidogo, kisha akainua uso kwenye spika.

"We. Unataka kweli?"

"Nataka, Puttamma. Ninanuka."

"Unanuka, ni kweli. Nilikuwa naona haya kukuambia."

"Najua. Ulikuwa unajifunika pua ukidhani sioni."

Puttamma alicheka hadi tambuu ikamtoka. Akajifuta na ncha ya sari. Alipouliza tena, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Unaogopa?"

"Ndiyo," ziwa likasema.

"Basi nitakuja kukaa nawe mpaka mwisho," Puttamma akasema. "Mchana nitaleta mwavuli."

Chandrakala alitia saini usiku huo, mezani kwake jikoni, baada ya kuosha vyombo.

4

Jumapili asubuhi vibarua walivunja saruji ya miaka thelathini na mitano. Chini yake walikuta kizibo cha zamani, jiwe la duara lenye tundu katikati, na mnyororo mpya ukafungwa humo. Watu wa majengo walijaa juu ya tuta. Wengine walikuwa na mabango ya kupinga, lakini hata hao waliyashusha.

Kabla ya kunyanyua kizibo, mgawa maji alikuwa na desturi ya kusimama juu ya nguzo na kuwaita wenye mashamba mmoja mmoja ili watoe watoto na mifugo mferejini. Chandrakala hakufundishwa, kwa kuwa kazi ile hawakufundishwa mabinti. Ziwa likamfundisha hapohapo, jina baada ya jina, naye akapaza sauti. Aliita shamba la Doddanna, ambalo sasa ni kituo cha mabasi. Aliita shamba la wajane, ambalo ni maegesho ya magari. Aliita mashamba kumi na tisa, na hakuna aliyeitika, ila mahali fulani upande wa kituo cha mabasi dereva mmoja alipiga honi.

"Sasa," ziwa likasema.

Aliinua mkono, winchi ikavuta, maji meusi yakaanza kutoka.

Ilichukua siku tisa. Shabana alikuwa kwenye matangi yake mchana kutwa, viatu vimelowa, akipima na kupima tena. Bwana Prabhakar alikuja kila asubuhi na gazeti, akasoma hadi kurasa za kriketi. Puttamma alikaa chini ya mwavuli wake. Kadiri fito zilivyotoka hewani, ziwa lilipoteza vitu, kwanza miaka ya mbali, halafu majina ya mashamba, halafu hesabu. Siku ya saba lilisimulia kisa cha mbuzi na kumsahau mwizi, Puttamma akamalizia. Siku ya nane lilikuwa likisema neno moja moja. Siku ya tisa, mchana, liliacha. Hakuna aliyejua ni saa ngapi hasa, kwa sababu Puttamma alikuwa akizungumza, na aliendelea kuzungumza.

Jambo moja hakulijua. Siku ya sita, Chandrakala alikuwa ameshuka na Shabana penye kina kirefu zaidi, wamevaa buti za mpira, wakachota ndoo moja ya tope yenye fito arobaini. Hawakutazamana wakati wa kuichota. Chandrakala aliipeleka nyumbani, akaiweka stoo nyuma ya gunia la mchele, akawa anainyunyizia maji kila asubuhi.

5

Wiki mbili zilipita. Puttamma alikuwa akila vijiko viwili vya wali na kusukuma sahani. Saa kumi na moja jioni aligeuza kiti kikatazama ukuta. Kile kinu cha chuma hakikusikika. Chandrakala alivumilia alivyoweza, hadi siku moja asubuhi alipomkuta mama yake bado amelala na jua limeshapanda, macho wazi, na alipomuuliza kama anaumwa akajibiwa, "Hapana."

Akaenda stoo. Akaitoa ndoo mpaka ukumbini, akaunganisha waya na spika ndogo ambayo Shabana alimpa, akaiwasha. Mama yake alitoka chumbani akijishika ukutani.

Spika ilikwaruza. Ikaja ile sauti.

"Maji yako wapi?"

Uso wa Puttamma ulifunguka wote. Chandrakala hakuwa ameuona hivyo tangu alipokuwa mtoto, na kwa muda mfupi sana alijiona amefanya vyema kuliko wote.

"Ni mimi," Puttamma akasema. "Puttamma. Umelala wapi siku zote hizi?"

"Maji yako wapi?"

"We. Ni Puttamma."

"Maji yako wapi?" Halikuwa likimjibu. Lilikuwa likiuliza tu, kila baada ya pumzi chache, kwa sauti ya mtu aliyeamka mahali asipopajua. "Maji yako wapi? Maji yako wapi?"

Puttamma alikaa chini sakafuni, polepole, kwa magoti yale mabovu. Aliangalia ndoo, kisha akamwangalia binti yake.

"Ulilitoa lini?"

"Siku ya sita."

"Lilisema lisiachwe nusu. Lilikuwa likiuliza hivi peke yake, nyuma ya mchele?"

"Sikuwahi kuiwasha, Amma. Nilikuonea huruma wewe." Chandrakala alisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa madogo. "Nilikosea."

"Ulikosea," mama yake akasema, akamshika kifundo cha mguu, akakishikilia. "Najua ulivyokuwa. Nami ningefanya hivyo hivyo, halafu ningekuficha wewe."

"Maji yako wapi?"

Puttamma aliinama juu ya ndoo hadi nywele zake nyeupe zikagusa tope.

"Yamekwenda mashambani," alisema.

Spika ilinyamaza. Chandrakala alifungua mdomo, kwani tangu ujana wake hapakuwa na shamba hata moja chini ya lile tuta, na mama yake alimkatiza kwa jicho.

"Yote?" sauti ikauliza.

"Yote. Hata tone halikupotea."

"Basi," sauti ikasema, na haikuuliza tena, ingawa taa ya spika ilikuwa bado inawaka.

Walichukua riksho hadi ziwani, ndoo katikati ya miguu yao. Chini kulikuwa kumepasuka vipande vipande vya kijivu, na mbali kidogo watu wapatao mia walikuwa wakichimba tope kavu na kulibeba kwa vikapu, Bwana Prabhakar miongoni mwao, raba zake zimeharibika kabisa. Puttamma alikataa kushikwa mkono. Aliteremka ngazi, akatembea hadi alipoona panafaa, akamwelekeza Chandrakala amwage.

Kisha akachuchumaa na kulitandaza lile tope kwa viganja vyote viwili, jembamba, akisawazisha kingo, ili jua lilifikie lote kwa mara moja na lisikawie. Chandrakala alipiga magoti upande wa pili naye akatandaza. Saa sita ilipofika tope lilianza kubadilika rangi kutoka ukingoni kuelekea katikati, na Puttamma alikaa hapo, mikono michafu mapajani, akilieleza habari za nyumbani hadi sehemu ya mwisho iliyokuwa na unyevu ilipokauka.